Nyumba Iko Gereji

Ndani ya basi, mshonaji alikuwa hoi, ila masikio yake hayakuwa na likizo. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee alimuuliza muuguzi asiyemjua, aliyevaa sare ya kazi, "Mwanangu, mbona umekumbatia mto wa kulalia?"

"Gari langu liko gereji, mzee. Fundi kasema nitoe vitu vyote."

"Gari na mto wapi na wapi?"

"Ndimo ninamolala. Kodi za hapa siziwezi."

"Muuguzi mzima! Mama yako anajua?"

"Anajua nina nyumba ya madirisha manne. Sijamdanganya."

Mzee aliguna. "Na mimi nina vyumba viwili vitupu, nangoja mpangaji wa maana." Mshonaji nusura amchome mzee huyo sindano yake.

Basi lilipofika mwisho wa safari wote walishuka, isipokuwa muuguzi. Alimwinamia dereva: "Kaka, basi hili huwa linalala wapi?"