Sauti Yangu Isifanywe Kibarua

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, na wewe binti yangu mkubwa acha kunirekebishia mto, kichwa hiki kimebeba mazito kuliko mto na hakijavunjika. Daktari amewaita pembeni akawanong'oneza nami nikamsikia, maana mtu aliyezeekea kwenye chumba cha mashine zinazonguruma hujifunza kusikia minong'ono. Kwa hiyo tusidanganyane, safari imeiva, na kabla sijaondoka kuna neno mnaligombania huko sebuleni mkidhani nimelala: nikishafumba macho, binti, huyu ndugu yako Mhandisi aiache ile mashine yake inayosema kwa sauti yangu iendelee kuzungumza na mama yenu, au aizime? Mmoja anasema ni huruma, mwingine anasema ni uchawi. Nitawaamua leo, lakini mnanijua, sijawahi kufika popote kwa njia ya mkato, basi vumilieni.

Mjue kwanza kwamba intaneti katika mtaa huu niliileta mimi. Mtasikia watu wakisema ni kampuni ya simu. Kweli, waya ulikuwa wao, lakini waya bila mtu ni kamba ya kuanikia nguo. Mimi niliyeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nalitembelea tu, nilikodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, nikaweka kompyuta tatu zenye migongo kama friji, na ile ya katikati ilikuwa haiwaki mpaka uipige kofi upande wa kushoto, kofi la mapenzi si la hasira. Tulipita kwenye laini ya simu: kifaa kinalia kama kuku anayebishana na bati, watu wote kimya, na mama yenu akiinua mkono wa simu chumba cha nyuma ampigie dada yake, basi, dunia nzima inakatika! Picha zilikuwa zinashuka taratibu kutoka utosini. Unaona nywele, unangoja, unaona paji la uso, na walio kwenye foleni wanabishana, "Huyo ni mwanao," "Wapi, mwanangu hana paji kama uwanja wa mpira," mpaka pua ifike, na pua ikifika mama mtu anapiga kigelegele. Siku hizi picha inafika kabla hujaitamani, na sijamsikia mtu akiipigia kigelegele.

Na barua niliwasomea mimi, kwa sababu wengi hawakujua kusoma, au walijua ila kioo kile kiliwatisha. Fundi viatu wa pale kona, mwanawe aliyekuwa ng'ambo alikuwa akiandika kama anayelipia kila herufi: "Baba mzima? Mimi mzima." Sasa mzee wa watu amefunga kibanda, amevaa shati la kutokea, amekuja kusikia hayo tu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamsomea kwamba kijana anaulizia lile goti, anaikumbuka harufu ya gundi ya viatu, ameota wanakula sahani moja. Mzee akalia, akanituma nijibu, nami nikajibu yote, la goti na la gundi na la sahani, na baada ya muda yule kijana akaanza kuandika marefu mwenyewe mpaka koo likanikauka kusoma. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kuniona mimi nikiikanyaga.

Kisha zikaja simu za mkononi, intaneti ikahamia mifukoni, viti vyangu vikabaki na vumbi. Sikununa, mla ni mla leo. Ila kicheko nacho kilihama, kila mtu akawa anacheka peke yake akitazama kiganja. Halafu ile mitandao ikaanza kuwachagulia watu cha kuona: ukisikitika kidogo inakuletea msiba, ukikasirika inakutafutia wa kugombana naye. Hapo ndipo ugomvi wangu na baba yenu mdogo ulipoanzia, maana aliona mahali kwamba nimefariki, akaitupa habari kwenye kundi la ukoo kabla hata ya kunipigia, nami nikakaa kitako nikizisoma rambirambi zangu mwenyewe, nikaona nani ameandika kwa moyo na nani amebandika ua tu. Nikawajibu, "Asanteni sana, marehemu amefarijika." Akaona nimemdhalilisha, akajitoa kwenye kundi, na hatujasalimiana tangu hapo. Mwiteni. Mwambieni kaka yake hana kinyongo, na safari hii yeye ndiye apewe habari wa kwanza, na aisambaze apendavyo.

Nipe maji kidogo. Ahsante.

Sasa lako, Mhandisi. Ulichukua jumbe zote za sauti nilizowahi kukutumia, na ni nyingi kwa sababu mimi na kuandika hatupikiki chungu kimoja, ukailisha mashine mpaka ikajua kikohozi changu. Nilipolazwa, mama yenu akawa hali, hanywi, ukampa simu ikamwongelesha kama mimi. Sikukasirika, mwanangu. Ulimwona mama yako anaungua, ukakimbilia ndoo iliyokuwa karibu. Naye alifurahi! Aliiuliza nilivyoileta intaneti mtaani, ikamsimulia akacheka. Kesho yake akauliza tena, ikamsimulia vilevile, kompyuta zilezile, kofi lilelile. Ndipo akaja kitandani kwangu hospitali akaniambia, "Huyo si wewe. Wewe hujawahi kusimulia jambo mara mbili likafanana; zile kompyuta zimewahi kuwa tano, zimewahi kuwa kumi. Tena nikimkatiza ananyamaza. Wewe ulinyamaza lini?"

Huko ndiko mambo yanakoelekea, na sitawaambia kwamba yatarudi nyuma. Intaneti ilianza kwa kutubebea maneno, ikaja kutuchagulia, sasa inataka kutusemea, tulio hai na tuliokufa. Mtaniuliza, mbona baba naye alitia chumvi kwenye barua za watu? Nimelitafuna swali hilo. Mimi nilikuwa namtazama mzee usoni, nikiona amechoka nafupisha, nikiona ana njaa ya mwanawe naongeza, na huyo mwana alikuwepo, angeweza kunikana. Nikishakufa, nani ataikana hiyo sauti? Ikimwambia mama yenu auze nyumba, nani atasema, hapana, baba hakusema hivyo?

Kwa hiyo shikeni neno. Jumbe zangu zihifadhiwe jinsi zilivyo, na kelele za pikipiki, na pale nilipokosea, wajukuu wazisikie. Lakini neno nisilolisema lisitoke kwa sauti yangu. Izime hiyo, Mhandisi. Sauti yangu isifanywe kibarua wa kuamshwa kila mtu anapoitaka, asiye na siku ya kupumzika. Akili uliyoijenga usiitupe. Ifundishe kuwasomea wasioona, ila iseme kwa sauti yake, na ibishe hodi kwanza ijitambulishe. Nawe mkubwa, usimwite tena ndugu yako mchawi. Chumba cha kompyuta ni chako, usikifanye ghala. Viti vibaki, watu waje na simu zao wakuulize, hii habari ni kweli, huyu anayenipigia ni mwanangu kweli? Maana mengine yote yatakuwa bwelele, wanangu, lakini mtu wa kumwuliza atakuwa adimu.

Na mama yenu akinikumbuka, msimpe simu. Kaeni naye. Msimulieni habari zangu, kila mmoja akosee kwa namna yake, mbishane, naye awasahihishe.

Pumzi... ngojeni. Ngojeni.

Mungu awape maneno yenu wenyewe. Awape na wa kuwasikiliza, mwenye uso. Mlinitunza vizuri. Radhi zangu nimewaachia... zote, wote wawili, sawa kwa sawa, msigombanie.

Sasa tokeni. Na hiyo simu inayorekodi chini ya mkoba wa dada yako, Mhandisi, nimeiona, toka nayo, sijakasirika. Nimebakiwa na neno moja tu, na hilo ni la mama yenu, mwambieni aingie. Fungeni mlango.

Mama watoto... sogea. Sogea zaidi. Hapo.