Uhai Kwenye Kimondo

Ndani ya angkot, daladala ya kwenda chuoni Bandung, mkemia Imas alitega sikio. Mbele yake mtaalamu wa sayari aitwaye Yayat alikuwa amepakata kopo lenye kimondo kama mtoto mchanga, na mwanabiolojia Euis alikuwa akimsema.

"Kaka Yayat, usitangaze uhai kutoka anga za juu. Huo ukungu wa rangi ya chungwa ulioota kwenye jiwe lako ni wa oncom, kile kitoweo cha makapi ya soya yanayochachushwa kwa ukungu. Ndiyo hiyohiyo tunayolia wali."

"Najua, dada. Miaka yote nakodolea mbingu macho, kumbe kiumbe nilichogundua kimetoka kwenye sahani yangu!" Yayat akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Lakini waandishi wa habari wameshakaa, na mkuu wa chuo kavaa batiki mpya."

Imas akajiuma midomo asicheke. Wanasayansi wa siku hizi, aliwaza, hata kunawa hawanawi.

"Kwani nani alikuthibitishia?" Euis akauliza.

"Mkemia mmoja, Daktari Imas. Sijawahi kumwona. Aliandika kwamba kemikali hizi hazijapata kuonekana duniani."

Imas akakumbuka jiwe lile likiwa wazi mezani kwake, na yeye kando yake akila oncom kwa vidole.

Gari likasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana nani akaseme ukweli. Imas akafunika kitambulisho chake kwa kiganja.

"Mimi naendelea mbele," akamwambia dereva.

"Mbele wapi, mama? Hapa ndio mwisho wa gari."