Kitambaa Changu cha Sabato

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe nikisoma kwenye karatasi. Mnanijua, mimi ni Moraa, yule anayeimba nyuma ya wenzake ili asionekane. Lakini leo nikinyamaza nitakuwa nimemnyima Mungu sifa zake.

Nilirudi kutoka shule ya bweni na chawa. Ndiyo, chawa! Mama alipowaona alifunga mlango kwanza, majirani wasisikie. Nyanya Bosibori alicheka hadi akaketi. "Hawa wamesoma mpaka sekondari," akasema, "mafuta ya taa hawayaogopi tena."

Ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalio. Kwetu huku Nyamira mnajua ilivyo: nguo zinapigwa pasi, chakula cha Sabato kinapikwa, vichwa vinasukwa. Nami kesho yake nilitakiwa kuimba. Basi Nyanya akaleta ile chupa ya dawa ya kupe, ya kuwapaka ng'ombe. Wengi wenu mmeitumia hivyo hivyo, msinitazame. Akanipaka kichwa chote kwa upendo, akanifunga kitambaa cheupe, akakikaza, dawa isitoroke.

Ndugu zangu, jua lilikuwa bado juu lakini kwangu giza likaanza kuingia. Migomba ikasogea mbali. Mate yakanijaa mdomoni, machozi yakashuka bila kilio, jasho likanilowesha kama nimetoka mtoni. Mikono ikacheza yenyewe. Mama akasema ni malaria, akanifunika blanketi. Kina mama wa kanisa wakaja kuomba, na maombi yao niliyasikia kama maji yanayopita chini ya daraja.

Lori la majani ya chai lilinichukua. Walinilaza juu ya majani mabichi, na nikaona mawingu yakinifuata mpaka hospitali ya misheni. Nilifikiri, kumbe kufa ni kulala tu juu ya chai.

Daktari alikuwa kijana, alihangaika sana. "Amekula nini? Amekunywa nini?" Wote wakajibu ugali na mboga, na ilikuwa kweli. Habari ya kichwa hakuna aliyeulizwa, na Mama hakutaka kutaja chawa mbele ya mwanamume aliyevaa koti jeupe.

Hapo Bwana akafungua njia! Daktari alijua kwamba Nairobi kuna ofisi ambayo kazi yake ni sumu tu. Watu wanakaa karibu na simu, daktari yeyote akikwama anauliza. Simu ilikuwa ukutani karibu na kitanda changu. Aliyejibu alikuwa mwanamke, na daktari alipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde: "Ndiyo, mama, mate mengi! Jasho! Mboni za macho ni ndogo kama ncha ya sindano!" Akasikiliza. Kisha akageuka polepole. "Anauliza, mtoto ananuka nini?"

Mama akatazama sakafu. Ulimi wangu ulikuwa umezama kwenye mate. Lakini mkono, sijui ulipata wapi nguvu, ulipanda ukagusa kitambaa.

"Nyasae, Mungu wangu!" Nyanya akalia. "Ni dawa ya kupe, daktari. Nimempaka mimi, nikitaka apendeze!"

Wakakitupa kitambaa, wakanivua nguo, wakaninyoa, wakaniosha kwa sabuni tena na tena. Sindano zikafuatana, kila mara daktari akirudi kwenye simu kuuliza kama zimetosha. "Mpaka mdomo ukauke," aliambiwa. Ukakauka kama unga! Na dawa ya sindano ikanipa ndoto: maua ya pareto yalitembea kwenye dari, meupe, kwa mistari, yakiimba wimbo niliotakiwa kuimba mimi. Nilipoamka Nyanya alikuwa amenishika mguu, anasema, "Omwana one, mtoto wangu, hata chawa wamekufa." Nikacheka. Hapo Mama ndipo alipolia.

Baadaye nilimuuliza daktari yule mama wa Nairobi alijuaje. Akasema kuna mtoto mwingine, mbali na kwetu, aliwahi kupakwa hivyo hivyo. Walichelewa kujua. Tangu hapo kila mtu akipiga simu na kutaja mate na mboni ndogo, mama huyo anauliza habari za ngozi, nguo na nywele. Jina la mtoto huyo silijui, lakini ninamwombea jamaa yake kila Sabato.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, na mkifika hospitali semeni yote, hata ya aibu. Dawa ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe. Namshukuru Bwana kwa maombi yenu, kwa lori, kwa waya ule mwembamba unaopita juu ya milima. Mimi nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonipenda, na hakuna aliyesikia harufu. Mwanamke ambaye sitamwona kamwe ndiye aliyekinusa kitambaa changu, akiwa Nairobi.

Nywele zimeota, mnaziona. Leo sikujifunga kitu. Na kama kwaya itaniruhusu, nitasimama mbele.