Nusu ya Mita 812

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome historia yake, ingawa ofisi yake ilileta ya kwao, mistari minne, inayosema alikuwa mkata mawe, na hiyo nimeiacha kwenye gari, maana ningeisoma ningetukana mbele ya jeneza.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Hadubini, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba, akasoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, na mwaka 1983 akapata stashahada ya jiolojia, na tangu hapo hukuweza kutembea naye bila yeye kuokota jiwe na kulilamba, mama akibaki anaangalia pembeni kwa aibu.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa mgodini, na tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, aliyepiga marufuku mawe kitandani, yakahamia uvunguni, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake ilikuwa kujua molibdeni, madini yale ya kijivu yanayoimarisha chuma, ilifikaje mlimani kwetu. Wakubwa walishikilia kwamba maji ya moto yaliikusanya kwenye miamba myeusi ya jirani, wakachoronga huko mashimo kumi na moja, yote matupu, ilhali yeye alisema ilipanda kutoka chini pamoja na mwamba ulioyeyuka, ambao ulipoa polepole ukatoa maji yaliyoibeba hadi kwenye nyufa, na tarehe 3 Juni 2003, kwenye jiwe jeupe lililochorongwa kina cha mita 812, aliyaona kwa hadubini matone ya mwamba huo, yamenaswa humo pamoja na molibdeni yao.

Mwaka 2004 ripoti ya ugunduzi huo ilitoka kwa jina la mkuu wake, ambaye tunaye hapa, kiti cha mbele, na kaka alipouliza aliambiwa anajifanya profesa, akaondolewa kwenye hadubini, akapelekwa kwenye msumeno wa kupasulia mawe, ambao pampu yake ya maji ya kuzuia vumbi ilikuwa imekufa tangu 1996, akavuta vumbi miaka kumi, akiandika barua za kuomba pampu, hakujibiwa hata moja.

Mwaka 2014 mapafu yalianza kumsumbua, na Jumanne tarehe 6 Agosti 2019, saa nne asubuhi, alifariki, na sitasema ni mipango ya Mungu, kwa sababu Mungu hakuinyima ile mashine pampu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na kuni, na wafanyakazi wenzake mliokuja ingawa mlinyimwa ruhusa. Mkuu simshukuru.

Kila jiwe linalochorongwa hupasuliwa katikati, nusu ikaenda maabara, nusu ikabaki kwenye boksi. Nusu moja ya mita 812 iko ofisini kwa mkuu, kwenye kabati la vioo, na jina la mkuu chini yake. Hii hapa mkononi mwangu ni ya pili, kaka aliiokota kwenye takataka stoo ilipobomolewa mwaka 2012, akaileta nyumbani kwenye mfuko wa chakula, na ina mwandiko wake, jina lake na tarehe ile, 3 Juni 2003. Hii hatuiziki. Kesho saa mbili asubuhi mimi na wifi tutakuwa mlangoni pa ofisi ya mkuu, na nusu hizi mbili zitashikanishwa watu wote wakiona.

Wewe pumzika kwa amani, kaka, sisi tuna kazi kesho.