Miaka Kumi ya Bwana Kijiko Baada ya Mionzi

Waombolezaji wenzangu, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Kijiko, na kabla sijaanza niseme kwamba asubuhi hii baba mdogo ameniomba nisome tu kuwa marehemu "aliugua kwa muda mfupi", nami nimemjibu, "Nisamehe baba, hilo sitalisoma."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972 na sekondari hadi 1976, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa kiwandani kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea, ambako mwaka 1984 alipandishwa kuwa muonjaji, akipitia vikombe mia mbili kwa siku, akivuta chai ya kijiko kwa kelele na kuitema, tabia aliyosahau kuiacha kazini siku ya kwanza alipokwenda ukweni, bibi yetu akadhani ametukanwa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, msimamizi wake akiwa rafiki yake wa kiwandani, mtunza stoo, na wakajaliwa watoto watatu.

Februari 2014 aligundua uvimbe shingoni, ikawa ni saratani ya koo iliyoletwa na kirusi, ambacho daktari alitueleza kwamba watu wazima wengi hukipata kwenye ndoa na mahusiano bila kujua, kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, na hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani. Alipigwa mionzi mara thelathini na tano, kuanzia tarehe 5 Mei hadi 20 Juni, akapona, na saratani ile haikurudi tena, naomba hilo lisikike hadi nje ya hema.

Ila mate yalimkauka, akawa hatoki bila chupa ya maji, meno saba yaling'olewa, bakuli la uji lilimchukua saa nzima, na chai, aliyoijua kuliko alivyotujua sisi, alisema ina ladha ya maji yaliyooshewa bati.

Aliporudi kazini Septemba, siku ya Jumatatu, alimweleza mtunza stoo habari za kirusi kile, kama mtu anavyomweleza ndugu, akamwambia, "Hili libaki kati yetu," na kufikia Ijumaa kikombe chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu, na kwenye kantini akaambiwa, "Mzee, wewe kaa kule." Mama ameniruhusu niseme kwamba naye alihamia chumba cha wasichana miezi saba, akimuuliza kila siku, "Ulikipata kwa nani?", na mimi, niliyemsikia daktari kwa masikio yangu, nilikuwa nikimchukua mwanangu mapajani mwa babu yake nikisingizia anataka kulala, na Baba aliona.

Alistaafu mwaka 2019, na kuanzia 2022 koo lililokakamaa kwa mionzi likawa linamsaliti, chakula kikishukia mapafuni, hadi tarehe 29 Januari 2025 alipolazwa kwa nimonia, na Jumanne tarehe 11 Februari akatutoka, akiwa na miaka 65.

Tunawashukuru madaktari, na zaidi yule muuguzi aliyemfundisha upya kumeza, kidevu kikiwa kimeinama, tunamshukuru jirani yetu fundi viatu, aliyekula naye sahani moja miaka yote kumi bila haraka, na wenzake wa kiwandani tunawashukuru kwa maua. Mtunza stoo aliandikwa kuzungumza baada yangu, familia imemwondoa kwenye ratiba, Baba alishamsamehe, mimi bado, na siwezi kudanganya mbele ya jeneza.

Baba, upumzike kwa amani, umechoka kutuvumilia.