Kataliko Alihesabu Miale, Hapana Watu

Mgeni rasmi, muheshimiwa mjumbe, tangu uketi unatazama saa, unatazama milima ya Musienene, mais mama Kanyere mwenye kusimama mbele yako haujamutazama. Ni muke wa Kataliko. Hata hivyo, karibu kwetu Mususa.

HISTORIA

Mukubwa wa kwanza kututembelea alisahau miwani yake. Wa pili alisahau ahadi. Tunawakumbuka wote. Kundi letu la kuhesabu miale lilianzishwa na Kataliko, mutengenezaji wa radio. Alitengeneza boksi yenye kulia kila mwale wa anga unapopita ndani yake.

MAFANIKIO

Tumejifunza kwamba miale hiyo ni vipande vidogo kuliko atomu, vinakimbia karibu sawa na mwangaza. Kati ya mia, karibu tisini ni protoni, tisa ni viini vya heliamu. Chenye kinabaki ni viini vizito, hata vya chuma, pamoja na elektroni. Vinapiga hewa huko juu, vinapasuka, na sisi tunapata vipande vya vipande. Wenye elimu wanasema miale mingi inarushwa na nyota zilizolipuka katika galaksi yetu. Nyota gani? Hapo tunachanganyikiwa, na wao pia. Nguvu ya sumaku ya galaksi inapinda njia ya miale, donc mwale ukifika hauonyeshi kwenye ulitoka.

MAGUMU

Siku kumi na moja zilizopita, askari wenye kutafuta waasi walikuta daftari la Kataliko la kuhesabia miale: "Kutoka juu 38. Upande wa Beni 9." Kwa upande hewa ni nene, inazuia miale, ni hivyo tu.

"Hawa tisa wa Beni, nani anabatuma?" mukubwa wao akauliza.

"Hapana batu, chef. Ni miale," Kataliko akajibu.

"Inatoka wapi?"

"Hakuna mwenye anajua kabisa."

"Wewe unahesabu bageni na hauulize kwenye banatoka?"

Wakaandika: anakataa kusema. Wakaenda naye.

Tumezunguka bureau tatu za serikali kumutafuta. Moja inasema yuko Beni, nyingine kambini Rughenda. Ya tatu ikatuuliza kama na sisi tunahesabu. Mama Kanyere anatuuliza kila asubuhi: "Kama kweli haijulikane, bwana yangu aseme nini ndio arudi?" 

MAOMBI

Mabati na barabara tutaomba mwaka mwingine. Leo tunaomba Kataliko. Mungu akulindie batoto, akufikishe kwako bila kusikia risasi njiani. Mais kabla haujapanda gari, toa simu, uite huyo mukubwa wa askari hapa mbele ya mama, umwambie kwamba kutojua si kuficha. Piga sasa.

Ni sisi, Kundi la Wahesabu Miale, Mususa, Butembo.