Msumeno wa Mvule wa Agya Nsenkyire

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Wewe unayetwanga fufu hapo uani, pumzisha mchi kidogo. Fufu haina miguu, haitakukimbia. Leo tunamkumbuka fundi. Tunamkumbuka Agya Kwaku Nsenkyire, seremala wa hapa hapa Kumasi, tuliyemzika Jumamosi, siku nane zilizopita.

Agya Nsenkyire alijenga mashine za kukatia mbao kwa kutumia mbao. Narudia, maana najua kuna mtu huko anasema kijana wa redio amelewa mapema. Mashine za kukatia mbao. Zimejengwa kwa mbao. Alikuwa na keezo ya mbao, ile ya kuchongea miguu ya viti, alikuwa na mashine ya kutoboa ya mbao. Na mama wa zote ulikuwa ule msumeno mkubwa wa mkanda: magurudumu mawili, moja juu, moja chini, na utepe wa chuma wenye meno ukizunguka kati yake. Kiunzi chake kilikuwa cha mvule. Hata magurudumu yalikuwa ya mvule, vipande vilivyobandikwa kwa gundi, nyuzi zikipishana ili yasipinde, kisha yakavishwa tyubu ya baiskeli. Chuma kilikuwa pale tu pasipokuwa na njia nyingine, kama mgeni wa harusi aliyekuja na mwaliko wa mtu.

Mtu akimuuliza kwa nini mbao, alijibu hivi: "Chuma sikijui, mbao naijua. Nikaombe msaada kwa nisiyemjua, na ndugu yangu yupo nyumbani?"

Na mota je? Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ndoa ilipotikisika. Mkewe, Maame Konadu, alikuwa na mashine ya kusaga pilipili na mahindi. Asubuhi moja akaikuta haina mota. Nilimuuliza mwenyewe juzi. Alicheka hadi akashika mbavu, halafu akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cheusi cha msiba.

"Mwanangu," akaniambia, "niliolewa mimi, lakini iliyopelekwa kwa mume ilikuwa mota yangu. Na wiki zile za mwanzo, kila akikata ubao, unga wa mbao ulinuka pilipili. Wateja walikuwa wanapiga chafya hadi wanasahau kubishana bei."

Sasa nikutajieni mtu wa pili katika habari hii. Ni Opanyin Kofi Badu, kaka yake marehemu, tumbo moja, na ndiye mkuu wa ukoo wao. Opanyin Badu alipouona msumeno ule mara ya kwanza, aliuzunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, "Kwaku, mbao ikakate mbao? Hii ni sawa na kumpa mbuzi kisu amchinje mbuzi mwenzake."

Agya akamwambia, "Kaka, sogeza kitambaa ulichojitanda, mbuzi ana njaa." Akawasha. Ubao ukapasuka kama kenkey iliyoiva, donge laini la unga wa mahindi.

Badu hakukubali. Tangu siku ile aliuita msumeno ule "kuni zinazosubiri zamu". Kila akipita karakana alichungulia dirishani: "Kwaku, kuni hazijambo?" Na ndani kunajibiwa: "Hazijambo, zinakuulizia." Miaka nenda, miaka rudi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Mtu wa tatu ni binti yake Agya, Afua Brago. Seremala naye. Alijifunza kwa baba yake, na siku alipohitimishwa alimwagiwa poda kichwani kama desturi inavyotaka, akawa mweupe kama mkate kabla haujaingia tanurini. Katikati ya poda ile baba yake akamtia patasi mkononi. Akamwambia maneno ambayo Afua anayo mpaka leo: "Mashine ya chuma ikiugua, unaita fundi. Mashine ya mbao ikiugua, unaita patasi."

Agya alipougua yeye, patasi haikufaa. Aliwaita kitandani mkewe, binti yake na kaka yake. Akaomba jambo moja tu. "Msininunulie sanduku la dukani. Kuna ubao wa mkangazi nimeuegemeza ukutani. Upasuliwe na msumeno wangu." Jambo moja. Kisha akatuacha.

Mnajua mambo yetu. Mtu akifa, mali yake inarudi kwa ukoo wa mama yake, na jeneza la baba linatoka kwa watoto wake. Kwa hiyo jeneza lilikuwa deni la Afua. Na msumeno sasa ulikuwa wa Opanyin Badu, ambaye alifunga karakana, akatia ufunguo kiunoni.

Msimfikirie vibaya. Alitaka mdogo wake aheshimiwe. Mazishi yetu mnayajua: nyumba inapakwa rangi, mtaro unafagiliwa, hata mbwa anaogeshwa. Badu akaona wageni watapita karakana, waione kazi ya ndugu yake iking'aa. Akaleta vijana na mpira wa maji. Wakauosha msumeno kwa sabuni. Wakauosha juu, wakauosha chini, wakausuuza vizuri sana. Kisha akafunga mlango, ameridhika.

Enyi mafundi mnaonisikiliza, nawasikia mkiguna.

Jumatano ya wiki ya mazishi Afua akafunguliwa mlango ili apasue ubao. Akawasha. Magurudumu yalikuwa yamenyonya maji, yamevimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Msumeno ukaruka, ukapiga kelele, utepe ukachomoka. Kimya.

"Baba mkubwa," Afua akasema, "mmeuosha?"

"Tumeuosha vizuri!"

"Kwa maji?"

"Sasa tungeuosha kwa supu?"

 Afua alikaa juu ya rundo la maranda, akalia. Ndipo Badu akaelewa. Akasema kwa sauti ya chini ambayo ukoo haujawahi kuisikia, "Kule barabarani wanauza majeneza mazuri. Yana vishikio vya dhahabu. Tununue, mwanangu. Kwaku atatusamehe."

"Yeye atasamehe," Afua akasema. "Mimi je? Nitamzika baba ndani ya kitu alichokikataa?"

Akasimama. Akayang'oa magurudumu, akayaanika juani karibu na mihogo ya mama yake. Yakakauka, lakini hayakurudi duara. Yalikuwa na vilima na mabonde. Ijumaa asubuhi akayarudisha mahali pake, akavua tyubu, akashika patasi ile ya siku ya poda. Gurudumu la chini lilizungushwa na mota, naye akaegemeza patasi kwenye kigogo, akakwangua vilima mpaka vikaisha. Gurudumu la juu halina mota.

"Nani atanizungushia?" akauliza.

Opanyin Badu, mkuu wa ukoo, akakunja kitambaa chake cheusi begani, akashika gurudumu kwa mikono miwili.

"Zungusha, baba mkubwa."

"Nazungusha."

"Unalipapasa. Zungusha!"

"Msichana huyu! Kwaku alikufundisha useremala au ukoloni?"

Alizungusha hadi jasho likamwagika kidevuni na maranda yakamjaa ndevu. Maame Konadu aliyaona haya kutoka mlangoni. Anasema shemeji yake alikuwa analia huku akizungusha, na akiulizwa alidai ni vumbi.

Wakarudisha tyubu. Wakarudisha utepe. Afua akasema, "Wewe ndiye mwenye mali, baba mkubwa. Washa."

Badu aliinamia msumeno. Afua na mama yake walimsikia akisema polepole, "Kuni, hamjambo?" Akawasha.

Ubao wa mkangazi ulipasuka mnyoofu toka mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi niliona jeneza lile. Nje lilirandwa likawa laini kama kioo. Lakini ndani Afua hakuliranda. Aliacha mistari ya meno ya msumeno. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nje ni kwa wageni. Ndani ni kwake. Akiipapasa ataijua kazi yake."

Kesho yake, baada ya ibada ya shukrani, ukoo ulipokaa kugawa mali, Badu alitoa ufunguo kiunoni, akampa Afua mbele ya watu wote. "Kuni zikae zilipo," akasema. "Zina mchungaji wake."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Maame Konadu, kwa Afua Brago, kwa Opanyin Badu na ukoo mzima, poleni sana. Redio yenu inalia nanyi. Nasi tuliobaki, hebu tutazame kile tunachokichekea kila siku kwa jirani. Huenda ndicho kitakachotubeba.

Na kabla sijawaachia muziki, nimepewa tangazo. Opanyin Kofi Badu anatafuta ubao mzuri wa mkangazi. Uwe mrefu kidogo, maana yeye anampita mdogo wake kimo. Mwenye nao aupeleke kwa Afua. Mzee anasema hana haraka yoyote. Ila ubao, anasema, unataka muda wa kukauka.